Kaburi Lililokingama

Jioni ya kwanza Mkunga aliweka sahani nne mezani, na waliokuwa ndani ya nyumba walikuwa watatu.

Hakuna aliyeshtuka. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkwe wake, dereva wa lori ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alizihesabu zile sahani kwa kidole akacheka. "Mama, mjukuu hajazaliwa umeshamwekea sahani? Mwache kwanza aote meno!" Mkunga naye akacheka, akairudisha ya nne kabatini. Ni uzee huu, akajisemea. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji, miaka thelathini na nne ya wodi ya wazazi, ana haki ya kukosea hesabu ya sahani.

Jioni ya pili akaweka nne tena. Ya tatu aliichunga mikono yake mwenyewe kama mtu anayemchunga mwizi, akaweka tatu, akaenda jikoni kuchukua chumvi. Aliporudi zilikuwa nne, na kile kiti cha pembeni, ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu mumewe afariki, kilikuwa kimevutwa nyuma kiasi cha mtu kuingiza magoti.

"Nani amevuta kiti?"

"Si wewe, mama?" binti akasema, huku akila bila kuinua kichwa.

Mkunga akainua pua. Alikuwa amesikia harufu, nyembamba, ya udongo uliofukuliwa na chokaa mbichi. Aliijua vizuri. Ilikuwa harufu ya Jumamosi.

Tusije tukaenda arijojo, nieleze kwanza habari ya hizo Jumamosi. Katikati ya mji, nyuma ya maghala, kulikuwa na makaburi ya zamani ambayo yalikuwa hayajapokea maiti kwa miaka themanini. Ndugu wa waliozikwa pale walishahama au walishafuata njia ile ile. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Ndipo Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mkavu, mpenda mistari iliyonyooka, alipokusanya watu kumi na wawili wa kujitolea, na Mkunga akawa wa pili kujiandikisha. Walifyeka, wakafagia, wakasugua mawe kwa brashi laini na maji matupu, maana sabuni hula jiwe. Maandishi yaliyofutika waliyasoma kwa kumulika jua ubavuni mwa jiwe kwa kioo cha mkononi, herufi zikajitokeza moja moja kama vipele. Kila jina liliingia kwenye daftari la Mwalimu.

Daftari hilo lilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Ndugu", na Mwalimu hakuvumilia kuona nafasi tupu. "Hapa hakuna kaburi yatima," ndiyo kauli yake. Kwa hiyo kila kaburi lisilo na mwenyewe lilipewa mmoja wao. Unaandika jina lako na udugu uliouchagua: mjukuu, shangazi, vyovyote moyo utakavyokutuma. Na kila Jumamosi ukimaliza kufagia unasimama kichwani pa kaburi, unamsalimu mtu wako, unampa habari za nyumbani. Wapita njia waliwaona vichaa. Mimi nasema ulikuwa wema mtupu, na mtu asije akaniambia vingine, hata baada ya yaliyotokea.

Kaburi namba mia mbili kumi na mbili lilikuwa kwenye kona ya ukuta. Makaburi yote yalilala upande mmoja. Hilo peke yake lilikingama. Halikuwa na jina. Juu yake kulikuwa na mawe saba, kila moja la kubebwa na watu wanne, na Mwalimu akaamua kwamba ni kifusi kilichoachwa na waliojenga ukuta. Waliyang'oa kwa mitaimbo nusu siku nzima, wakayatandika yawe njia ya wageni. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, laini, bila hata mzizi mmoja.

"Nani atamchukua huyu?" Mwalimu akauliza, kalamu mkononi.

"Nipe mimi," Mkunga akasema. Alikuwa mtoto wa pekee. Kila mwenzake utotoni alikuwa na wa kugombana naye, yeye aligombana na paka. Akachukua kalamu, na kwenye safu ya mwisho akaandika jina lake, na pembeni yake: dada yake.

Jumamosi kumi na moja alisimama pale akampa kaka yake habari za nyumbani.

Sasa turudi mezani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu hakuja kama mgeni. Alikaa kama mtu wa nyumbani, kimya, bila makuu. Asubuhi mto wa sebuleni ulikuwa na bonde la mtu aliyeketi muda mrefu. Mchana, Mkunga akiwa peke yake jikoni, alisikia ukumbini brashi ikisugua jiwe, taratibu, kush, kush, na alipotoka sauti ilihamia chumba alichotoka. Nyumba nzima haikuwa na jiwe la kusugua. Mkwe aliondoka na lori kwa safari ya wiki mbili, akabusu tumbo la mkewe, na alipofika mlangoni aligeuka akasema "kwaherini" akiangalia kiti cha pembeni, kisha akakunja uso kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Siku mbili baadaye, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mtaa umenyamaza, Mkunga aliangusha sufuria. Binti akatoka chumbani kidole kikiwa mdomoni.

"Shh! Taratibu, mama. Mjomba amelala."

Mkunga akaiacha sufuria sakafuni. "Mjomba gani?"

"Mjomba si mjomba?" Binti akacheka, cheko jepesi la mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Mama nawe! Ameniambia mtoto ni wa kiume. Ameniambia tusihangaike na jina, la kwake atampa yeye."

"Mwanangu, nisikilize. Mimi sina kaka. Sijawahi kuwa na kaka."

Binti alimtazama mama yake kwa huruma. "Amesema utasema hivyo," akajibu kwa sauti ya chini. "Amesema uliwahi kumsahau, lakini hana kinyongo."

Mkunga hakungoja kesho. Alitia nguo kwenye begi, akamshika binti mkono, wakatoka. Nyumba ya wakwe ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka pale. Binti alivuka kizingiti kwa mguu mmoja na papo hapo akajikunja, uchungu ukamkamata, uchungu wa kweli, ule ambao Mkunga aliujua kwa macho tu bila kuuliza, na jasho likamtoka usoni, na akashika fremu ya mlango kwa kucha. Mkunga akamrudisha ndani. Uchungu ukakatika kama taa iliyozimwa. Wakapumzika. Wakajaribu mlango wa nyuma, uchungu. Wakarudi, kimya. Mara ya tatu damu ikaonekana kwenye kanga, tone moja, na Mkunga akaacha.

Akamlaza kitandani, akampapasa tumbo kwa mikono iliyopapasa maelfu. Wiki iliyopita kichwa kilikuwa chini, mahali pake. Sasa kichwa kilikuwa ubavuni kulia, makalio ubavuni kushoto. Mtoto alikuwa amekingama. Mkunga akajaribu kumgeuza pole pole, kama alivyowageuza wengi, na akiwa amebonyeza vile, akihesabu pumzi za binti yake, akahisi juu ya mikono yake miwili uzito wa mikono mingine, baridi, yenye mchanga mchanga, ambayo haikumuumiza wala haikumsukuma, ila ilitulia tu juu ya yake na kumzuia, kwa upole, kama ndugu mkubwa anavyomzuia mdogo asiguse kisichomhusu.

Jumatano alimpigia simu Mwalimu, akamwomba alifute jina lake kwenye daftari. Mwalimu alitaka kubisha, maana hakupenda kuchafua ukurasa, lakini sauti ya Mkunga ilimtisha. Alipiga mstari saa nne kamili, na saa nne kamili binti alianguka jikoni akilia kwamba anapasuliwa. Mkunga akapiga tena. "Andika upya! Mwalimu, niandike upya sasa hivi!" Kalamu ilipomaliza herufi ya mwisho, kilio kikakoma. Mwalimu alisikia yote kupitia simu, na huyo mzee ambaye hakuamini hata utabiri wa mvua ndiye aliyesema, kwa sauti kavu, "Dada, nenda kwa Fundi Viatu."

Fundi Viatu alikuwa na kibanda kando ya kituo cha mabasi. Kutoa majini alikurithi kwa baba yake pamoja na nyundo, na hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Jirani alikaa na binti, na Mkunga akasimulia, huku Fundi akigonga soli, misumari mitano ikiwa midomoni. Alipofika kwenye mawe saba, Fundi aliitema yote kiganjani.

"Mliyang'oa?"

"Tulidhani ni kifusi."

"Mama, watu wazima hawabebi mawe ya namna ile kwa kujifurahisha. Pale hakuzikwa mtu. Pale lilifungwa jini. Walilikingamisha kaburi ili asije akajiona mmoja wa watu. Hawakumwandika. Wakaapa hakuna atakayesimama pale wala kumtaja. Kusahauliwa ndiyo ilikuwa gereza lake. Nyie mkaja na brashi zenu."

"Tulikuwa tunatenda wema, Fundi."

"Najua. Mtu mbaya asingejisumbua naye." Akashusha sauti, ingawa barabara ilikuwa na kelele. "Ulimpa na habari ya mimba?"

Mkunga akainamisha kichwa. Alimpa. Alimpa mpaka mwezi wa kujifungua, na chumba anacholala binti, na jinsi alivyokuwa akiogopa kuwa bibi bila mume wa kuongea naye.

"Basi anataka kuzaliwa," Fundi akasema. "Kaburi amelichoka. Yule mtoto akitoka humo ndani, atakayetoka si mjukuu wako."

"Mfukuze! Nitakupa chochote."

"Jini aliyeingia kwa nguvu namfukuza asubuhi moja, na viatu vyako nakutengenezea. Huyu ameitwa ndugu. Udugu sina dawa yake." Akachukua kiatu, akakigeuzageuza. "Lakini ndugu yake ni wewe, si binti. Kwa binti amefika kwa kuwa binti ni mwanao. Ukate hapo."

"Nikate vipi?"

"Majini hawajui yaliyo moyoni, mama, wanashika ya mdomoni. Kwa mdomo ulimpa udugu. Kwa mdomo mkane mwanao mbele yake, ukane kweli kweli, asiwe na pa kushika. Halafu toka. Atakufuata, maana atakuwa hana mwingine. Sasa hivi hayupo hapa, analinda mimba, ndiyo maana naongea. Kuanzia siku hiyo atakuwa na wewe saa zote na atasikia kila neno. Binti asielezwe sababu, kwa kuwa akijua atakuja kukulilia, nawe si jiwe. Ukimwitikia 'mama' mara moja tu, ukimwangalia yule mtoto kama bibi anavyoangalia, basi, atawarudia."

"Mpaka lini?"

Fundi akarudisha misumari midomoni, mmoja mmoja.

Mkunga alifika nyumbani jua likiwa kali. Mkwe alikuwa amerudi mapema, amekaa sakafuni kando ya kitanda cha mkewe, ameshika mguu wake, na hakukuwa na mzaha hata mmoja usoni mwake. Harufu ya chokaa ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha koo. Pazia lilikuwa limejaa kwa ndani, kama lililofunika mgongo wa mtu, na upepo haukuwepo.

Mkunga alisimama mlangoni wala hakukaa, kwa kuwa alijua akikaa hatainuka.

"Nimekuja kuchukua nguo zangu," akasema. "Nimechoka kulea mtoto wa watu."

"Mama?"

"Usiniite hivyo. Sikukuzaa. Mama yako alikufia mikononi mwangu wodini, hakuna ndugu aliyekuja, nikakuchukua kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa tupu. Marehemu hakuwa baba yako. Damu yangu haimo mwilini mwako hata tone, na hicho ulichobeba tumboni hakinihusu."

Ulikuwa uongo uliokaa vizuri mno, kwa sababu mkunga ndiye mtu pekee anayeweza kuusema. Binti aliuamini papo hapo. Mkunga aliona ukimwingia usoni, na moyo wake ukampasuka, na akaendelea, kwa kuwa pazia lilikuwa halijatikisika bado, akasema mambo ambayo sitayarudia hapa, kuhusu mwaka binti alipougua na yeye kukesha naye, kwamba alikesha kwa aibu ya majirani tu, na kuhusu harusi yake, na binti akatelemka kitandani na lile tumbo, akatambaa mpaka mlangoni, akamshika miguu, akawa anasema nimekukosea nini, niambie nimekukosea nini, na Mkunga akaichomoa miguu yake mmoja baada ya mwingine, akachukua begi, akavuka kizingiti akiwa hana hakika kama anapumua.

Nyuma yake pazia likalegea. Kisha akasikia hatua zikimfuata uani, nzito, zenye mchanga.

Aliongeza mwendo, nazo zikaongeza mwendo.

Mwalimu alimpa chumba cha vifaa pale makaburini, penye mafyekeo na ndoo, akamwekea kitanda na jiko dogo. Yeye na Fundi ndio pekee waliojua, na walifunga midomo. Wiki tatu baadaye Mwalimu alipita karibu yake akiwa na fagio, akasema kana kwamba anaongea na fagio, "Wodini jana kuna binti amejifungua salama. Mtoto wa kike. Kichwa kilitangulia." Mkunga aliendelea kusugua jiwe.

Yule mwenzake alikuwepo saa zote. Alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya chumba, na ubao ulilalamika alipoketi. Alizungumza siku hizi, kwa sauti ya kiume ya wastani, sauti ambayo ungeisikia nyuma ya kaunta ya posta usigeuke. Alimwita dada. Alimwuliza kama amekula, akamwambia mvua inakuja, na ikaja. Mkunga aliporudi kutoka dukani alikuta amefunguliwa mlango. Miezi minne Mkunga hakumjibu hata neno. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho, kutokujibu.

Jumamosi moja asubuhi, wote kumi na wawili wakiwa kazini, geti lililia. Mkunga alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Hakugeuka, lakini mikono ilijua.

"Sikuja kugombana," sauti ya binti yake ikasema juu ya kichwa chake. "Hata kama hukunizaa. Nimekuja umwone tu. Mama, mwangalie."

Brashi zote za makaburini zilisimama. Mwalimu aligeukia ukuta. Mtoto alitoa kile kikoromo kidogo wanachotoa wakishiba, na Mkunga aliyekisikia maelfu ya mara katika maisha yake alikaza macho kwenye herufi zilizo mbele yake mpaka zikachanganyika.

"Dada," akasema, kwa sauti ya mtu wa kazi, "hapa tunahudumia waliozikwa. Kama una kaburi la ndugu yako, mwone yule mzee mwenye daftari. Kama huna, angalia unapokanyaga unapotoka."

Kisha viatu vikaondoka juu ya yale mawe saba, taratibu, na geti likalia tena.

Watu waliondoka mapema siku hiyo. Mkunga alikaa kwenye benchi, mikono imelowa, na ubao ukalalamika pembeni yake.

"Umefanya vizuri, dada," sauti ikasema. "Mtoto wa watu wa nini?"

Jua lilisogea kutoka jiwe moja hadi jingine. Halafu, yeye ambaye hakuwahi kumjibu, akajisikia akiuliza, "Wewe ulimwona?"

"Nilimwona vizuri."

"Yukoje?"

Naye akamwambia, kwa upole, bila haraka. Akamwambia nywele ni nyingi, zimesimama. Akamwambia ana vidole virefu, na anakunja kidole gumba ndani ya ngumi akilala. Mkunga alifumba macho, machozi yakamtiririka, na akawa anatikisa kichwa, endelea, endelea.

"Na kidevu chake," sauti ikasema, "kina kishimo katikati." Ikanyamaza. Harufu ya chokaa ikapanda. "Kama chako."

Mkunga akafumbua macho. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kufunika kidevu, akaushusha, lakini alikuwa amechelewa. Ubao wa benchi ukalia, uzito ukaanza kuinuka, na kule getini bawaba zikatoa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kama limefungwa.

"Videvu vya namna hiyo mji mzima vimejaa," akasema haraka, akicheka, cheko lililomkwaruza koo. "Mimi ndiye niliyewazalisha, niulize mimi. Unakwenda wapi? Hata hatujaongea. Miezi yote hii, na sijakupa habari hata moja."

Geti likatulia.

Akasogea, akakung'uta mchanga uliokuwa kwenye benchi, akapapasa pale pembeni yake.

"Kaa hapa, kaka," akasema. "Usiende popote."